Kamba Tatu Juu ya Kitanda cha Baba

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi na Baba alikuwa ananawa uso kwenye mfereji wa ploti. Mama alisikia kopo likianguka nje, akadhani ni paka. Alipotoka alimkuta Baba ameketi kwenye simiti, mgongo ameuegemeza ukutani, mkono wa kulia umelala mapajani kana kwamba si wake. Akamtazama Mama na kujaribu kumwambia jambo. Mdomo ulisogea upande mmoja tu.

Mimi nilikuwa naishi mlango wa tatu kutoka kwao, katika ploti hiyohiyo, mtaa wa Kongo huko Kawangware. Nilisikia Mama akiita jina langu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nikatoka bila viatu. Jirani mmoja alileta gari lake la kubebea maji, tukampandisha Baba nyuma, na Mama akakaa naye akimshika kichwa hadi hospitali.

Baba alikuwa fundi wa mawe. Alikuja Nairobi kijana kutoka upande wa ziwa, akajenga nyumba za watu wengine maisha yake yote. Nyingine ni za ghorofa, na yeye na Mama wakabaki katika vyumba viwili vya kupanga. Hakuwahi kulalamika kuhusu hilo. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya ugonjwa, na maneno hayo machache yalikuwa na nguvu nyumbani kwetu. Aliporuhusiwa kutoka hospitalini, maneno yenyewe yalikuwa yamekwenda. Daktari alisema huenda yakarudi polepole. Alisema dawa za presha zisikose hata siku moja, mwili ufanyishwe mazoezi, chumvi ipungue, na apelekwe kliniki ya mazoezi ya viungo kila Jumanne.

Ndugu yangu mkubwa anaishi Mashimoni, Kibera, ambako ana karakana ndogo ya kuchomelea vyuma. Mimi nafanya kazi hukohuko Kibera, katika kikundi kinachotengeneza mifereji na vioski vya maji. Kwa hiyo tulikuwa watatu wa kumwangalia Baba: mimi, ndugu yangu na Mama. Sote tulikuwa na nia njema, na nia njema nusura itushinde. Mimi nilinunua dawa, na ndugu yangu naye akanunua dawa zilezile siku hiyohiyo. Mto wa kukalia hakununua mtu, kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake ameshaununua. Halafu ikaja Jumanne moja ambayo sijaisahau. Ndugu yangu alidhani nimeomba ruhusa kazini nimpeleke Baba kliniki. Mimi nilidhani ni zamu yake. Mama alimvalisha Baba shati safi na viatu, akamkalisha kwenye benchi nje ya mlango, wakangoja. Jua lilipofika mlango wa jirani, Mama aliinama akamvua viatu.

Jioni niliporudi hakunigombeza. Alinipakulia chakula tu, akarudi kukaa karibu na Baba.

Nililala nikifikiria kazini. Pale ofisini tuna mfereji unaovuja Laini Saba, kioski kinachongoja bomba, fundi anayesubiri simiti, na hatupotezi hata kimoja. Kila kazi imeandikiwa kadi kwenye kompyuta. Kadi huanza safu ya kwanza, inayoitwa Inangoja. Mtu akiishika kazi hiyo, kadi huhamia safu ya pili, Inaendelea, ikiwa na picha ya mwenye kuishika. Ikikamilika huvutwa hadi safu ya tatu, Imeisha. Ikikwama hupakwa rangi nyekundu, na kila Jumatatu tunaanza na zile nyekundu. Nilipenda sana kile kioo chenye safu tatu. Kilinifanya nihisi kwamba dunia ina mpangilio, hata siku ambazo haina. Nikajiuliza: ikiwa mfereji wa Laini Saba hatuupotezi, vipi tumpoteze Baba?

Nilianza kwa kumwekea Baba ukurasa wake kwenye simu. Nikaweka kadi za dawa, za kliniki na za mazoezi, nikamtumia ndugu yangu kiungo cha kuingilia. Siku mbili kimya. Nikampigia.

"Sister," akasema, "ile simu kubwa iliungua na cheche. Niko na kabambe tu, ya kubonyeza. Hiyo kitu yako itaingilia wapi?"

Simu ya Mama nayo ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Ukurasa wangu mzuri ulikuwa na msomaji mmoja, ambaye ni mimi.

Basi nikarudi kwenye vitu vinavyoshikika. Nilinunua karatasi ngumu za manila za rangi nne, nikazikata ziwe kadi. Nilitaka kuzibandika ukutani, lakini mvuke wa jiko uliziangusha siku ya kwanza. Mama ndiye aliyeniambia nitumie kamba ya kuanikia nguo. Nikapigilia misumari, nikavuta kamba tatu kutoka dirisha hadi kona, moja juu ya nyingine, nikatundika kadi kwa pegi za nguo. Kamba ya juu ilikuwa Inangoja, ya katikati Inaendelea, ya chini Imeisha. Kadi za njano zilikuwa za dawa na kliniki, za bluu za mazoezi, za kijani za mambo ya nyumba. Nyekundu nilizihifadhi kwa kilichokwama. Ukuta uliokuwa wazi ni mmoja tu, ule wa juu ya kitanda cha Baba. Kuta nyingine zilikuwa na kabati, kalenda, na picha ya harusi ya wazazi wangu.

Kamba zilifanya kazi. Ndugu yangu akawa akija jioni kutoka Kibera, kabla hata ya kuketi, anasimama mbele ya ukuta mikono kiunoni anasoma. Akiona kadi yenye jina lake anaichukua bila kusukumwa. Kulikuwa na kadi ya kijani iliyosema "Reli ya kushikilia, mlangoni hadi chooni." Aliihamisha mwenyewe hadi kamba ya katikati, na wiki hiyo akaja na vyuma na mashine yake, akachomelea reli nzuri kando ya ukuta wa ploti. Majirani walifurahi mno. Kesho yake ilikuwa imejaa mablanketi na suruali za watu, na Mama akalazimika kupita mlango kwa mlango akieleza kwa upole kwamba kile si chombo cha kuanikia nguo.

Jumanne hazikupotea tena. Kadi zikawa zinashuka kamba kwa kamba, na mimi nilipopita kwao asubuhi nikienda kazini nilikuwa nikiuangalia ukuta kabla ya kumwangalia Baba.

Jioni moja nilikuwa nimepanda kwenye stuli nikiirudisha kadi ya bluu juu. Ilisema "Baba kusimama bila kushikwa." Mtaalamu wa mazoezi kule kliniki alikuwa amesema tusimharakishe kwa hilo, tungoje kidogo. Mama alikuwa mlangoni akichambua kunde. Nikasikia sauti nyuma yangu, nzito, kama mtu anayeburuta meza.

"Mi... si... nyu... mba."

Niligeuka. Tangu arudi hospitalini Baba alikuwa amesema maji, hapana, na jina la Mama. Hii ilikuwa sentensi.

"Tuko nyumbani, Baba," nikamwambia. "Hapa ni nyumbani."

Alipiga godoro kwa mkono wa kushoto. "Si nyumba! Mimi!"

Mama aliacha kunde. "Hasemi nyumbani," akasema. "Anasema yeye si nyumba. Amejenga manyumba ya watu miaka yote hiyo, akiyaangalia kwa plani. Sasa ninyi mmemtundika yeye ukutani kama plani."

Nilibaki pale juu ya stuli na kadi mkononi. Baba alikuwa ananitazama kwa macho yale aliyokuwa akiwatazama nayo vibarua waliochanganya simiti vibaya. Nilishuka.

"Sasa unataka tufanyeje, Baba?"

Alionyesha kamba kwa kidole. Nikatoa kadi moja. Akatikisa kichwa, akaonyesha tena, na nikaelewa kwamba anataka zote. Nilizitoa zote, nikazipanga juu ya blanketi, nikamvalisha miwani. Alizipitia moja moja kwa mkono wa kushoto, akisoma kwa taabu, na hakuna aliyemharakisha. Za dawa aliziweka upande mmoja. Za mazoezi alizitazama kwa muda mrefu, nyingine akaziweka pamoja na za dawa, nyingine akazisukuma zikaanguka sakafuni. Ile ya kusimama bila kushikwa ilianguka. Kisha akachukua kadi tupu ya bluu akanipa.

"Andi... ka."

"Niandike nini?"

"Ki..."

"Kiti?"

Akafumba macho.

"Kliniki?" nikajaribu tena. "Kijiko?"

"Kib... ra."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kilichomtoka kabla hajajua, na kilikuwa cha kwanza tangu siku ya kopo. "Anataka kwenda kwa rafiki yake," akasema.

Nilimjua huyo rafiki tangu utoto wangu. Ni Mnubi, mwenye nyumba huko Mashimoni, na watu wa kwao huita mahali pale Kibra, bila ile e tunayoitia sisi. Baba alipofika Nairobi hana mtu, mzee huyo, wakati huo naye kijana, ndiye aliyempa chumba cha kwanza. Baada ya muda Baba akawa fundi wake, na baadaye wakawa marafiki ambao hawangeweza kupitisha Jumamosi bila kucheza drafti. Hata tulipohamia Kawangware, Baba alirudi kule kila Jumamosi. Hata Jumamosi ile ya kopo alikuwa ananawa ili aende. Mzee hakuwa amekuja kumwona kwa sababu magoti yake mwenyewe yalikuwa yameisha. Alikuwa akituma salamu kupitia ndugu yangu, na ndugu yangu akizifikisha haraka haraka katikati ya habari nyingine.

Niliandika KIBRA kwa herufi kubwa, nikaitundika kamba ya juu. Ilikuwa kadi ya kwanza ambayo Baba aliisimamia hadi nilipoifunga pegi.

Ndugu yangu alipoiona alicheka, halafu akaacha kucheka. "Zii, Mzee. Hiyo haiwezekani. Gari haifiki pale. Kuna mitaro, kuna ule ubao wa kuvukia. Mimi mwenyewe huwa nateleza."

Baba alimtazama tu.

"Si nakataa," ndugu yangu akasema, sasa sauti imeshuka. "Nasema ni ngumu."

Hapo nilifanya kile tunachofanya ofisini kazi ikiwa kubwa kuliko watu: unaikata. Tulikaa wote wanne kando ya kitanda, tukaikata Kibra. Kutembea hadi lango la ploti. Kutembea hadi kwa mama wa chapati. Kuketi saa nzima bila kulala upande. Kupanda tuktuk na kushuka. Kuvuka ubao. Ndugu yangu alisema ataenda kuupima ule ubao, na kweli siku iliyofuata alirudi na urefu na upana wake, na habari kwamba umeoza upande mmoja na atauchomelea mwingine wa chuma. Baba alikuwa akiitikia au kukataa kila kadi. Alikataa kadi ya kiti cha magurudumu mara tatu, na mara ya tatu aliichukua akaikalia.

Tangu siku hiyo mazoezi hayakuhitaji kubembelezwa. Akishika reli asubuhi, watoto wa ploti humpisha. Alifika langoni. Baadaye alifika kwa mama wa chapati, ambaye alimpa moja ya moto na kumwambia, "Fundi, hii ni ya kukukaribisha duniani." Alirudi nayo mkononi ili ndugu yangu aione.

Mvua ndefu zilikuwa zimeanza kupungua wakati mgongo wa Mama ulipokataa. Ilikuwa Jumapili, kabla ya kanisa. Alikuwa anamwogesha Baba nyuma ya pazia, nikasikia maji yakimwagika, kisha kimya. Nilipoingia nilimkuta ameketi juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, mkono mmoja ukutani, hawezi kunyooka. Baba alikuwa amefunikwa taulo, akimshika bega kwa mkono wake mmoja.

Nilimaliza mimi kumvalisha Baba, nikamsaidia Mama hadi kitandani kwangu. Nikamkanda mgongo kwa mafuta ya kuchua.

"Mama, kwa nini hukusema unaumwa?"

"Ningesema wapi?" akanijibu, uso kwenye mto. "Ukutani kwenu mimi sina kamba."

"Lakini kadi zile ni za kila mtu."

"Kumwogesha kuko kadi gani? Kumgeuza usiku asipate vidonda? Kumkorogea uji, kumlisha, kufua zile shuka?" Hakuwa amekasirika. Aliongea kama mtu anayetaja vitu vilivyo sokoni. "Au hizo si kazi kwa sababu haziishi?"

Niliendelea kumkanda. Alichosema kilikuwa kweli tupu. Kamba zangu zilijua kufurahia kitu kinachokwisha, na kazi ya Mama haikwishi. Kila asubuhi huanza mahali palepale.

Mchana huo nilivuta kamba ya nne chini ya zile tatu, nikaiita Kila Siku. Mama alilala kwangu akinitajia, mimi naandika na kwenda kuzitundika. Kamba ilijaa hadi pegi zikaisha, nikaazima kwa jirani. Halafu tukagawana. Uji wa asubuhi ukawa wangu. Shuka zikawa zangu na za mke wa ndugu yangu. Kumgeuza usiku tukapeana zamu. Kadi moja ilibaki bila jina: "Kumwogesha Baba."

Ndugu yangu alifika jioni. Alisimama mbele ya ukuta kama kawaida yake, akasoma hadi akafika kamba mpya.

"Hii imeachwa tupu kwa nini?"

"Mgongo wa Mama umekataa," nikasema.

Alielewa mara moja. "Hiyo hapana," akasema bila kugeuka. "Kwetu mtoto haoni uchi wa babake. Tutafute mtu."

"Najua," Mama akasema kutoka kitini. "Sijakuuliza."

Nje watoto walikuwa wakigombania mpira. Nilimwonea huruma ndugu yangu, maana hakuwa anatafuta kisingizio. Jambo hilo tulilelewa nalo, na Baba ndiye aliyetulea nalo. Ndipo Baba akainua mkono wa kushoto, akamwonyesha Mama.

"Mgongo... wake," akasema. Akapumzika kidogo. Kisha akajigusa kifua. "Mimi... nakubali."

Ndugu yangu alikaa kitandani, miguuni pa Baba, akaangalia mikono yake iliyojaa alama za moto wa kuchomelea. Baadaye alisimama, akaifungua pegi, akaitia kadi kwenye mfuko wa shati, akaaga.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kabla sijawasha jiko. Alibeba karai la maji moto nyuma ya pazia, akalivuta pazia hadi mwisho. Mimi na Mama tulitoka tukakaa kwenye benchi, juani. Tulisikia maji yakichotwa na kumwagwa. Tulimsikia ndugu yangu akiuliza jambo kwa sauti ya chini, na Baba akijibu kwa mngurumo. Kisha Baba akacheka, akacheka sana, hadi akakohoa.

"Kuna nini huko?" Mama akaita.

"Mzee anasema namkwangua kama chuma chenye kutu!"

Mama alitabasamu. Mikono yake ilikuwa mapajani, mitupu, na niliona haijui ikae vipi. Aliikunja, akaikunjua, mwishowe akaiacha.

Siku ya Kibra ilikuwa Jumamosi yenye jua laini. Mama alikataa kuja. "Nendeni na mgonjwa wenu," akasema, "mniachie nyumba." Jirani wa Riruta mwenye tuktuk alikuja hadi langoni. Baba alikuwa amevaa koti la harusi la ndugu yangu na kofia yake mwenyewe. Alipanda kama tulivyokuwa tumefanya mazoezi, mguu mzima kwanza, na njia nzima aliangalia nje akitaja majengo kwa kidole, yale aliyoyajua na yale mapya.

Tuktuk ilituacha mahali barabara inapokwisha. Mbele yetu kulikuwa na kichochoro kinachoteremka Mashimoni, nami nilikuwa na mpango wote kichwani: kioski cha maji, kona ya kinyozi, ule ubao mpya wa chuma, kisha mlango wa mzee. Tulitembea polepole, Baba katikati, mkongojo kushoto, ndugu yangu kulia. Watu walikuwa wakimwita. "Fundi! Kumbe uko?" "Fundi, tulikuwa tumekumiss!" Naye aliinua mkongojo kidogo kuwajibu, halafu akalazimika kusimama ili apate mizani tena.

Tulipokunja kona ya kinyozi nikasimama ghafla. Njia ilikuwa imekatwa. Mtaro mpya, mpana na wenye tope chini, ulipita kutoka ukuta hadi ukuta. Ndani yake lilikuwa limelazwa bomba la bluu la kwetu. Lilikuwa bomba la ofisi yangu. Kadi ya bomba hilo niliikumbuka vizuri, kwa sababu ilikuwa imevutwa hadi Imeisha Jumatatu na tukapiga makofi. Bomba lilikuwa limelazwa kweli. Kufukia mtaro hakukuwa na kadi.

"Si hawa ni watu wako?" akaniuliza ndugu yangu, ambaye wiki hiyo alikuwa akipitia ngazi za upande wa pili.

"Ni watu wangu," nikasema.

Kinyozi na wateja wake walitoka kuangalia. Mmoja wao akaenda akarudi na mbao mbili nene kutoka mahali panapojengwa. Wakazilaza juu ya mtaro na kuzikanyaga. Zilicheza. Baba akapiga mkongojo chini, akaonyesha mawe yaliyofukuliwa, halafu akaonyesha miisho ya mbao. Walikuwa wameshaelewa kabla hajamaliza, wakatafuta mawe bapa, wakayasukuma chini ya mbao huku na huku. Kinyozi akazijaribu tena kwa kurukaruka, taulo la mteja bado liko begani.

Ndugu yangu alipita kwanza, akitembea kinyumenyume, amemshika Baba mkono na kiuno. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika mshipi wa suruali yake. Katikati Baba alisimama. Nilihisi mwili wake ukitetemeka hadi mikononi mwangu. Nikadhani ameogopa, nikaanza kumwambia turudi.

"Ngo... ja," akasema.

Tulingoja. Kila mtu pale alingoja. Akavuta pumzi, akaleta mguu mbaya, akauweka, akavuka. Ubao wa chuma wa ndugu yangu, baada ya hapo, haukucheza hata kidogo.

Mzee wa Kinubi alikuwa ameketi nje ya mlango wake katika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Walikuwa wamemwambia tunakuja, na nadhani alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Alijaribu kusimama, magoti yakakataa, akarudi kitini.

"Fundi," akasema.

"Lan... dilodi," Baba akajibu. Hivyo ndivyo walivyoitana siku zote, kwa mzaha.

"Umechelewa."

Baba alitaka kumjibu lakini neno halikuja. Mzee alimngojea kidogo, kisha akavua kofia, akajifuta nayo macho bila kuficha, akaivaa tena. Tulimkalisha Baba mbele yake. Mke wa mzee akaleta chai na gurusa, ile mikate yao myembamba ya kukunja, na kabla chai haijapoa ubao wa drafti ulikuwa kati yao, ule wa zamani uliochorwa kwa rangi, na vifuniko vya soda.

Baba alicheza kwa mkono wa kushoto. Kila kifuniko kilimchukua muda, kingine kikaanguka, na mzee alikiinua bila neno akakirudisha pale Baba alipokitaka. Nilikuwa nimeanza kuona huruma hiyo ikipita kiasi, hadi Baba alipoinamisha kichwa kunywa chai. Mzee akasogeza vifuniko viwili kwa mpigo.

"Mwizi!" Baba akasema.

Neno lilitoka zima, bila kukatika, kwa sauti yake ya zamani. Mzee akashika kifua akacheka. Mke wake akaja mbio kuona kuna nini. Ndugu yangu alikuwa amesimama mlangoni. Aligeuka akatazama kichochoroni.

Tuliporudi Kawangware jua lilikuwa linaelekea kutua. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mama alitoka akijifunga leso, shavu moja lina mikunjo ya mto.

"Mbona mmerudi mapema?" akasema.

Jumatatu nilisimama mbele ya wenzangu nikawaeleza kuhusu ule mtaro, na sasa kila bomba lina kadi ya kuwarudishia watu njia yao. Mtaro wenyewe ulifukiwa wiki hiyo. Mkono wa kulia wa Baba haukurudi. Kadi yake ilikaa kamba ya juu muda mrefu, nyekundu, hadi siku moja Baba mwenyewe alipoiomba, akaiangalia, akamwambia Mama aitumie kuwashia jiko. Maneno yamerudi kiasi. Mengine huja siku mbili baada ya kuhitajika, nasi tumezoea. Anaenda Kibra Jumamosi moja moja, ndugu yangu akiweza, na ndugu yangu huweza mara nyingi.

Mama naye siku hizi Jumamosi hayuko nyumbani. Huenda Riruta kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, huimba huko, hunywa chai iliyopikwa na mtu mwingine. Akirudi huvua viatu, huketi kando ya kitanda, na humsimulia Baba habari ndefu za watu ambao Baba hawajui, nani alisema nini na nani akanuna. Baba husikiliza hadi mwisho. Halafu huuliza, polepole, jina la yule aliyenuna.